Je, wajua kwa nini mchoro wa magnetroni, kifaa cha kutoa mawimbi ya rada, ulikuwa na matundu 6 na magnetroni yenyewe matundu 8?

Septemba 1940, ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na Henry Tizard ulifika Marekani na kasha la siri. Ndani mlikuwa na magnetroni: pande la shaba lenye uwazi katikati, uliozungukwa na matundu. Sumaku huzizungusha elektroni humo, yakatoka mawimbi ya sentimita 10 hivi. Kwa mawimbi mafupi namna hiyo, antena ya rada hupungua hadi ikaenea kwenye pua ya ndege.

Oktoba, katika maabara za kampuni ya Bell huko Marekani, magnetroni hiyo ilitoa takriban kilowati 10. Wahandisi walipoipiga eksirei ili waitengeneze nyingine, wakakuta matundu 8, ilhali mchoro ulionyesha 6. Ikabidi wapige simu Uingereza. Eric Megaw wa kampuni ya GEC akaeleza: alitengeneza 12, kumi za mwanzo zilikuwa na matundu 6, ya 11 matundu 7, na ya 12 matundu 8. Iliyosafirishwa ni ya 12.

Mchoro ulikuwa umeachwa nyuma na kazi. Mwanzoni mwa 1940, Randall na Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa fedha za Jeshi la Majini, walithibitisha kwamba wazo la magnetroni yenye matundu linafanya kazi. Lakini chombo chao kilihitaji pampu ya kunyonya hewa muda wote, hakibebeki. Megaw ndiye aliyekiziba na kukipunguza uzito, na utaalamu huo ulikuwa mikononi mwa mafundi kuliko kwenye karatasi.

Kisha kasoro ikarudi chuoni: magnetroni ilikuwa ikirukaruka kutoka masafa moja ya mawimbi hadi mengine. Mwaka 1941 James Sayers, hapo hapo Birmingham, aliituliza kwa kuunganisha kuta za matundu kwa vipande vya shaba, moja ikiunganishwa, inayofuata ikirukwa.

Kutoboa pande zima la shaba kulikula muda wa fundi hodari. Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon ya Marekani akakata mabamba membamba kwa mashine, akayapanga na kuyalehemu kwenye tanuri. Hapo ndipo magnetroni zikaanza kutoka kwa wingi.

Tukiulizwa kipi kilisaidia zaidi kuendeleza rada, tungetaja mikutano ya Jumapili ya A. P. Rowe, mkuu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa rada Uingereza. Majenerali wa anga, marubani na wanasayansi vijana walikaa chumba kimoja, na cheo hakikumzuia mdogo kumpinga mkubwa.