Kumtunga Mhusika Kutokana na Mtu Unayemjua: Dhana Potofu na Ukweli

Mswada wa kwanza wa mwandishi chipukizi huwa umejaa watu wa kwao: baba mkali, shangazi mwenye maneno mengi, mwalimu mwenye fimbo, mchumba aliyemwacha. Hapana ubaya. Mtunzi asipochota kwa watu anaowaona na kuwasikia kila siku, atachota wapi? Tatizo ni imani ambazo waandishi tunarithishana kuhusu namna ya kuchota. Zimeharibu hadithi zilizoanza vizuri, na zimevunja udugu wa watu.

Dhana: Badilisha jina tu, hakuna atakayemtambua

Hii ndiyo inayoongoza. Mwandishi anamgeuza Mwanaisha kuwa Mwajuma, anaihamisha nyumba kutoka Magomeni kwenda Ilala, basi, roho inatulia. Lakini watu hawatambuani kwa majina peke yake. Tuseme umemwandika mama mjane anayeuza vitumbua karibu na msikiti, mwenye jino la dhahabu, aliyesomesha mapacha hadi chuo kikuu na mmoja wao akaja kumkana. Mpe jina lolote upendalo, mtaa mzima utakuwa umeshamjua kabla aya haijaisha. Kinachomtambulisha mtu ni mkusanyiko: kazi yake, umbo lake, watoto wake, namna anavyosema, na lile tukio moja ambalo kila jirani analikumbuka. Kimoja kimoja hakina neno. Viweke pamoja, ni yeye.

Charles Dickens alilijua hili kwa njia ngumu. Mwaka 1849, riwaya yake ya David Copperfield ikiwa inatoka kwa sehemu kila mwezi, alimwingiza Miss Mowcher, mwanamke mwenye kimo kifupi sana aliyekuwa akiwapamba matajiri, na akamchora kwa namna iliyomfanya msomaji amtilie shaka. Jirani yake mmoja, mwanamke wa kimo hicho hicho aliyejipatia riziki kwa kutunza kucha na miguu ya watu, alijiona mle. Jina halikuwa lake, lakini alimwandikia Dickens barua ya uchungu mkubwa. Dickens alikiri kwamba kwa sehemu alikuwa amemfikiria yeye, na akaugeuza mwelekeo: Mowcher aliporudi katika sura za mbele alikuwa mtu mwema. Iliwezekana kwa sababu hadithi ilikuwa haijakwisha kuchapishwa. Kitabu chako kikishatoka kiwandani, sura za mbele hazipo.

Kwa hiyo, vunja mkusanyiko. Ukibaki na vitumbua, ondoa jino, ondoa mapacha, tafuta tukio lingine kabisa. Kuongeza kovu la kubuni juu ya yale yote ya kweli hakumfichi mtu. Kunazidisha ubaya, maana sasa wanaomjua watadhani hata lile la kubuni ni lake.

Dhana: Jina nililolibuni mwenyewe haliwezi kuniletea kesi

Gazeti moja la Uingereza mwaka 1908 lilichapisha makala ya utani kuhusu Mwingereza aitwaye Artemus Jones, mtu wa heshima nyumbani, aliyeonekana Ufaransa na mwanamke asiye mkewe. Wenye gazeti walisema jina lilibuniwa. Akatokea wakili aitwaye Artemus Jones, akashtaki, akapewa fidia ya pauni 1,750, na mwaka 1909 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakubaliana naye. Ukishapata jina la mhusika wako mwovu, litafute kwenye intaneti pamoja na kazi yake na mji wake. Ni kazi ya dakika chache.

Dhana: "Wahusika wote ni wa kubuni" ni kinga

Maneno hayo yana historia. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu kuhusu Rasputin, mganga wa imani aliyekuwa karibu na familia ya mfalme wa Urusi, ndani yake mkiwa na binti wa kifalme aitwaye Natasha anayevunjiwa heshima na Rasputin. Irina Yusupov, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa waliomuua Rasputin mwaka 1916, alishtaki jijini London akisema watu wanaomjua watamwona yeye katika Natasha. Mwaka 1934 alishinda, pauni 25,000. Tangu hapo kampuni za filamu zikashikilia tamko hilo, na vitabu pia.

Lakini soma kesi yenyewe: jina lilikuwa tofauti, na bado alishinda. Mahakama iliangalia mtazamaji mwenye akili timamu angemwelewa Natasha kuwa ni nani. Tamko linasaidia pale ambapo kufanana ni kwa bahati kweli. Ukiwa umemwandika jirani yako kuanzia ukucha hadi utosi, mstari mmoja ukurasa wa pili hautakuokoa mahakamani, na hautakuokoa msibani mtakapokutana.

Dhana: Mchukue mtu mzima mzima, ndipo mhusika awe hai

Hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo hadithi nyingi zinapofia.

Mtu unayemjua unamjua upande mmoja tu. Baba yako umemwona akiwa baba. Hukumwona kazini akikemewa na bosi, wala usiku akihesabu madeni. Ukimnakili, utanakili pande ulizoziona, na kwingine kote kutabaki pengo. Ndiyo maana mhariri akisema "sijamwamini huyu", mwandishi hujibu, "Lakini ilitokea kweli!" Huenda ilitokea. Msomaji hakuwepo, naye hahitaji ushahidi kwamba ilitokea. Anahitaji kuona sababu ndani ya huyo mtu.

Angalia namna wakubwa walivyochota. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh kwa Dk. Joseph Bell, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa na kutaja habari zake kabla hajaambiwa. Doyle aliandika kwamba siku moja Bell alimwambia mgonjwa kuwa ni mwanajeshi aliyetoka jeshini hivi karibuni, na kwamba alikuwa Barbados, kisiwa cha Karibi. Kisha akawaeleza wanafunzi: ni mtu wa adabu lakini hakuvua kofia, maana jeshini hawavui, na angekuwa ametoka zamani angeshazoea desturi za kiraia, tena ana matende, ugonjwa wa visiwa vya Karibi, si wa Uingereza. Doyle alichukua jicho hilo. Daktari mwenyewe, na kazi yake na nyumba yake, alimwacha Edinburgh. Mpelelezi wake, Sherlock Holmes, akampa fidla, upweke, kokeini na rafiki wa kumsimulia. Na jicho lile lile likasafiri hadi Zanzibar: Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake alikuwa wa ukoo wa Holmes, lakini uswahili wake ulikuwa wa hapa hapa.

Leo Tolstoy naye alichota kwa wawili. Januari 1872, mwanamke aitwaye Anna Pirogova, aliyeachwa na mwenye shamba jirani wa Tolstoy, alijitupa chini ya treni. Tolstoy alikwenda kuuona mwili. Kifo hicho akampa Anna Karenina, mhusika mkuu wa riwaya yake yenye jina hilo. Nywele zilizojisokota kisogoni alizichukua kwa mwanamke mwingine, binti wa mshairi Pushkin, aliyekutana naye karamuni. Mapenzi, woga na hasira za Anna, hayo alikaa akayaandika na kuyafuta mwenyewe kwa miaka.

Tuijaribu kazi hiyo. Tuseme una mjomba aliyepunguzwa kazi bandarini, na kila jioni bado anapiga pasi shati la kesho na kulitundika nyuma ya mlango. Chukua pasi na shati, mwache mjomba. Mpe pasi hiyo muuguzi wa zahanati ya kijijini, aliyesimamishwa kwa dawa zilizopotea, na shati sasa ni sare nyeupe. Mwanawe anamwuliza, "Mama, kesho unakwenda wapi?" Anajibu bila kuinua uso, "Wakiniita, wasinikute nimekunjamana." Sasa tuna mtu anayetaka kitu: kuitwa. Naye anamjua aliyechukua zile dawa. Je, atamtaja? Mjomba wako hawezi kukujibu swali hilo, kwa sababu halikumpata kamwe. Ni lazima umjibie muuguzi, na hapo ndipo unapoanza kutunga.

Dhana: Watu hukasirika ukiwaandika vibaya tu

Kinachouma zaidi ni siri. Truman Capote alikuwa mwandani wa wanawake matajiri wa New York, wakimwambia mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua. Novemba 1975 alichapisha katika jarida la Esquire sura ya riwaya aliyokuwa akiiandika, siri zile zikiwa zimevikwa vazi jepesi la majina mengine. Babe Paley, rafiki yake kipenzi, aliacha kusema naye, na alifariki mwaka 1978 wakiwa hawajapatana. Riwaya haikukamilika. Unaweza kumwandika rafiki yako kama mrembo mwenye roho nzuri na bado ukamuumiza, endapo umeitoa hadharani mimba aliyokuambia wewe peke yako.

Dhana: Kila mhusika ana mtu nyuma yake

Hii ni ya wasomaji. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya ya Matigari kwa Kigikuyu mwaka 1986, habari zikafika serikalini kwamba vijijini kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ngũgĩ alisimulia kwamba amri ilitoka akamatwe, mpaka polisi wakagundua kwamba ni mhusika wa kitabuni. Mwaka 1987 polisi wakavikusanya vitabu vyenyewe. Na chanzo kimoja cha riwaya hiyo kilikuwa hadithi ya kusimuliwa ya mtu anayetafuta dawa ya ugonjwa wake. Wanaosoma kwa kupekua hukosa yote hayo. Wanawake wanaoandika kwa nafsi ya kwanza wanaumia zaidi na upekuzi huu, wakiulizwa hadharani kama ni wao waliopigwa na waume zao.

Dhana: Ruhusa haihitajiki, au inahitajika daima

Mwendo, kicheko au usemi wa mtu, hakuna haja ya kuviombea ruhusa. Lakini kama uti wa mgongo wa hadithi ni tukio la maisha ya mtu aliye hai, ugonjwa wake, talaka yake, unyama aliotendewa, nenda kwake kabla hujaanza. Ukimaliza, mpe mswada asome akiwa peke yake, mpe na muda. Usimsomee kwa sauti mbele ya watu, kwa kuwa mtu mwenye haya hawezi kukataa hadharani. Akisema hapana, litoe tukio lake, kisha uyapeleke maumivu uliyotaka kuyaandika kwenye tukio ulilolibuni mwenyewe.