Kuuzunguka Mji kwa Miguu: Chagua Kipande, Fuata Kona

Tazama ramani ya mji karibu wowote. Pembezoni utakuta mabaka ya kijani: bonde la mto, kilima chenye mawe, kinamasi, msitu ulionusurika. Mengi hayakubaki hivyo kwa bahati. Ni mahali ambapo kujenga kulishindikana au kulikatazwa, kwa sababu ya mteremko, mafuriko au chanzo cha maji. Mabaka hayo yakiunganishwa kwa ujia wa miguu, mji unapata mkanda wa kuuzunguka.

Vienna iliamua mwaka 1905 kuulinda ukanda wake wa misitu na mbuga, na leo njia inayouzunguka mji huo ina kilomita 120 hivi, katika vipande 24. Njia ya London iitwayo LOOP inafika kilomita 240 hivi, nayo ina vipande 24. Usiogope tarakimu hizo, kwani hakuna anayekutaka uimalize yote kwa mkupuo. Unashuka kwenye basi au treni, unatembea kipande kimoja, unapanda tena kurudi nyumbani. Ndiyo maana mimi njia ya namna hii huipima kwanza kwa idadi ya mahali pa kuingilia na kutokea. Urefu unafuata baadaye.

Kukadiria muda, kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Naismith alikuwa mpanda milima, kwa hiyo mwenye watoto, au anayependa kusimama kila anaposikia ndege, ajiongezee muda bila aibu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi, nalo ni njia za mkato. Kilimani ujia hupindapinda makusudi ili uukate mteremko kwa ubavu. Mtu wa kwanza anaona kona, anaikata aokoe hatua ishirini. Wa pili anaona nyayo, anafuata. Majani yanakufa, udongo unashindiliwa, maji hayazami tena ardhini. Baada ya mvua chuchumaa kwenye kona iliyokatwa. Utaona mfereji mwembamba ulioshuka wima, mizizi iko nje kama mishipa ya mkono wa mzee, na chini yake tope laini limerundikana juu ya ujia wenyewe. Mvua zikiendelea, mfereji huo unakuwa korongo, na fundi akija itambidi azibe kwa mawe na kuotesha upya majani, wakati matawi machache yaliyolazwa hapo mapema yangetosha kuwazuia watu.

Tope nalo lina utaratibu wake ambao wengi huufanya kinyume. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, usilizunguke kwa kukanyaga majani ya pembeni, kwa sababu kila anayezunguka anaupanua ujia, na dimbwi linapanuka nao. Pita katikati, polepole, na viatu vinavyoshika. Kama maji yanapita kwa kasi au huoni kina chake, geuka urudi hadi mahali pa kutokea palipo karibu. Na baada ya mvua kubwa, mpe fundi wa njia siku mbili tatu kabla hujaenda.