Salfa haijakutetemesha mkono, mzee wangu

Msimu wa kupuliza mikorosho ukiingia tu najua maneno yatakayofuata. "Dokta, salfa imenipiga, ona mkono." Kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea kila mtu ana jirani alipigwa na salfa akapata Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Jamani nimechoka.

Salfa ya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, inawasha macho na kubana kifua, sikatai, vaa barakoa. Ila Parkinson haiji hivyo. Ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zinakufa polepole, na mkono ukianza kucheza ujue nyingi zishaondoka, kazi ilianza miaka nyuma, ndo maana nikimbana mgonjwa kwa maswali anakumbuka choo kilikuwa kigumu siku nyingi na harufu ya samaki mkavu hata haisikii tena. Sasa upulize Juni, Julai uniambie imekupiga?

Mzee mmoja aliacha kupuliza kabisa, ubwiri unga ukamaliza maua yote na mkono ukaendelea kutetemeka vilevile, kumbe nyumbani ana dumu la dawa ya magugu anachanganya kwa mikono mitupu na bomba linamvujia mgongoni. Hapo ndo pa kuogopa. Parakwati ya magugu na rotenoni ya wadudu ndo tafiti zimezihusisha na Parkinson, na hata hizo zinaongeza uwezekano tu, wengi wanaozishika hawaugui. Vaa glavu, buti, shati livue nje lifuliwe peke yake. Nimelisema hili mpaka wake zao wananicheka.

Mkono wa mtu? Sibishani, ila ukizunguka kwa waganga miaka miwili unakuja umeshakakamaa wakati levodopa, dawa ya Parkinson, ingekusaidia tangu mapema. Kuambukiza hakuna, kunyweni chai kikombe kimoja. Wazee tu? Ni wengi kweli, lakini bondia Muhammad Ali aliambiwa anao 1984 akiwa na miaka 42, mwigizaji Michael J. Fox alikuwa na 29. Kurithi kupo kwa familia chache, wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye nao. Na wewe unayetetemeka asubuhi mpaka upate uraka, pombe ya mabibo, hiyo tunaijua wote ni nini.

Kitu ambacho hakuna anayekitaja ni vidonge. Haloperidoli ya wagonjwa wa akili, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta mtetemo na ukakamavu ukadhani Parkinson kabisa, na mara nyingi zikisimamishwa hali inarudi taratibu (usiache mwenyewe, hasa za akili, njoo tuongee). Ndo maana mi simpimi mtu bila mfuko wa dawa zake zote, hata za duka la mtaani. Bibi mmoja wa Mikindani aliletwa keshaambiwa ana Parkinson, nikamrudisha mwanae nyumbani akalete mfuko, akaja nao: vidonge vya kutapika, bibi anameza kila siku, miezi sita sasa, na kutapika kwenyewe kuliisha wiki ya kwanza.