Mishipa ya miguu ikivimba, tazama ngozi juu ya kifundo

Anayekuja kliniki na mishipa ya miguu iliyovimba huanza kutuonyesha mshipa wenyewe: ulivyonenepa, ulivyojipinda nyuma ya goti, ulivyogeuka bluu. Sisi humsimamisha wima, kisha tunatazama chini zaidi, upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Mshipa mnene unaotisha unaweza kukaa miaka bila kuleta madhara makubwa, na mwingine usioonekana vizuri ukawa unaiharibu ngozi taratibu.

Damu iliyoshuka miguuni hupanda kurudi moyoni kupitia vena, ikisukumwa na misuli ya shavu la mguu ambayo hujikaza kila unapopiga hatua. Ndani ya vena mna vali zinazofunguka upande wa juu tu. Vali zikilegea, damu hurudi chini, presha hupanda, na kuta za vena hutanuka na kujipinda. Wengine wamerithi udhaifu huo kwa wazazi. Umri, uzito mkubwa na kazi za kusimama kutwa huuzidisha, na aliyewahi kuganda damu kwenye vena za ndani za mguu yumo hatarini zaidi. Kwa mjamzito, homoni hulegeza kuta za vena huku mji wa mimba ukikandamiza vena kubwa za nyonga. Mara nyingi mishipa hiyo hupungua miezi kadhaa baada ya kujifungua, ndiyo maana hatukimbilii kuifanyia upasuaji wakati wa mimba.

Dalili za mwanzo ni miguu kuwa mizito jioni, kuwasha, kukakamaa misuli usiku, na alama ya soksi kubaki imechimbika kwenye ngozi. Baadaye ngozi iliyo juu ya kifundo inakuwa nyeusi au ya kahawia, inakauka, inakuwa ngumu ukiibonyeza. Hapo usisubiri. Mkwaruzo mdogo tu mahali hapo unaweza kugeuka kidonda.

Kidonda hicho ndicho kinachotusumbua zaidi. Watu hukiita donda ndugu na kukizungukia miaka, dozi moja ya antibayotiki ikifuata nyingine. Wapo walioambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa. Kinaoshwa, kinakaribia kufunga, kinafumuka tena, kwa sababu presha ndani ya vena iko palepale. Antibayotiki zina kazi pale tu kidonda kinapopata maambukizi. Kinachokifunga ni kuubana mguu kwa bendeji maalumu, kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, mbano ukiwa mkali zaidi kwenye kifundo na kupungua kadiri unavyopanda. Kabla ya kufunga lazima mapigo ya ateri ya unyayo, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, yapimwe, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara, kwani mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kuoza. Bendeji ya kujifungia nyumbani kwa kubahatisha hatuishauri.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 450 waliokuwa wote wamefungwa bendeji, ulionyesha kwamba waliotibiwa vena mapema walipona kwa muda wa kati wa siku 56, dhidi ya 82 kwa wale waliocheleweshewa matibabu hayo.

Vena yenyewe hutibiwa kwa kuichoma kwa ndani kwa leza au mawimbi ya redio, kuichoma sindano ya dawa ya povu inayoifunga, au kuifunga na kuichomoa kwa upasuaji. Swali tunaloulizwa kila mara ni: mkiiondoa, damu itapita wapi? Itapita kwenye vena za ndani, ambazo tangu awali ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu. Kwa hiyo altrasaundi hutangulia, kuhakikisha hizo za ndani ziko wazi. Mishipa mipya inaweza kujitokeza baada ya miaka, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo mapema.

Uliyorithi huwezi kuyazuia, lakini unaweza kuyachelewesha. Msusi, mwalimu, mlinzi au mama lishe anayesimama kutwa ajiinue kwa ncha za vidole mara kwa mara, atembee kidogo, na usiku aweke mguu juu ya mito, upite usawa wa moyo. Soksi za kubana, ukishapimwa na kupewa saizi yako, zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Zikivaliwa mguu ukiwa umeshavimba, hazisaidii sana.

Usichanjwe wala kupigwa chuku juu ya mshipa uliovimba. Ukipasuka, damu hutoka kwa wingi: lala chini, inua mguu juu, bonyeza palepale kwa kitambaa safi, kisha upelekwe hospitali. Usifunge kamba. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, hayo huenda ni damu iliyoganda. Usiuchue. Nenda siku hiyohiyo, na ukibanwa kifua au pumzi, nenda dakika hiyohiyo.