Usianze na maandishi ya chini: jinsi ya kusoma chombo cha Kichina cha bluu na nyeupe

Machi 2021 kibakuli cha Kichina cha bluu na nyeupe, upana wake kama sentimita 16 hivi, kiliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's New York kwa dola 721,800, na mwenyewe alikuwa amekinunua kwa dola 35 kule Connecticut, Marekani, mtu alikuwa anauza vitu vya nyumbani nje ya nyumba yake. Habari kama hizo zikisambaa sisi wa makumbusho tunaletewa picha nyingi sana, na karibu zote ni za kitako cha sahani, mtu ameipindua akapiga picha maandishi ya Kichina yaliyo chini anauliza hii ni ya mfalme gani na bei yake ngapi. Naelewa kabisa, maandishi ndo kitu cha kwanza jicho linakiona. Lakini kile kibakuli cha dola 35 ni cha enzi ya Yongle, 1403 mpaka 1424, na vyombo vya bluu na nyeupe vya enzi hiyo kwa kawaida havina mhuri wa mfalme, yaani hayo maandishi ya chini, hata kidogo. Waliokitambua walikitambua kwa umbo, kwa mkono wa mchoraji na kwa ile bluu yenyewe.

Mhuri sio cheti. Chukua huu unaosomeka Da Ming Xuande nian zhi, herufi sita, maana yake kimetengenezwa enzi ya Xuande wa ukoo wa Ming, yaani 1426 mpaka 1435. Ukiuona usikimbilie kuhesabu pesa, kwa sababu Wachina wenyewe kwa karne nyingi walikuwa wanaandika majina ya wafalme wa zamani kwenye kazi mpya, mara nyingi kwa kuwaheshimu mafundi waliotangulia na sio kwa kumdanganya mtu. Enzi ya Kangxi, 1662 mpaka 1722, walifanya hivyo sana, alafu mwaka 1677 mkuu wa wilaya vilikotengenezwa vyombo hivyo akapiga marufuku jina la Kangxi kuandikwa kwenye vyombo, inasemekana aliogopa chombo kikivunjika jina la mfalme litaishia jalalani linakanyagwa. Ndo maana vyombo vingi vizuri vya wakati ule chini vina duara mbili za bluu tupu, au jani, au jina la mfalme aliyekufa miaka 200 nyuma. Na ukikuta neno China kwa herufi hizi zetu za Kirumi ujue uwezekano mkubwa ni baada ya 1891, pale sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

Sasa tuangalie chombo chenyewe. Vingi vilitoka Jingdezhen, mkoa wa Jiangxi, mji ulioishi kwa kauri tu. Udongo mweupe wa kaolini umepata jina kwa kilima cha Gaoling karibu na hapo, unachanganywa na jiwe lililosagwa, chombo kinafinyangwa, kinakauka, kinachorwa kwa brashi, kinapakwa gilezi, ile ngozi ya kioo ya juu, ndo kinaingia tanuruni mara moja kwenye joto la kama nyuzi 1,300. Padri mmoja Mfaransa, d'Entrecolles, aliishi pale na mwaka 1712 akaandika kwamba chombo kimoja kinapita mikono ya watu kama 70 mpaka kiishe. Na mchoraji anapochora haoni bluu, kobalti, madini yanayotoa rangi hiyo, kabla ya moto ni ya kijivu cheusi, bluu inatokea tanuru likifunguliwa! Mimi hilo mpaka leo linanishangaza.

Kwa hiyo bluu iko chini ya gilezi. Pitisha kidole, usisikie mchoro. Ukiusikia umekaa juu, au umefutika sehemu zinazoguswa sana, hiyo ni kazi nyingine, mara nyingi stika ya kiwandani. Alafu angalia rangi yenyewe. Kobalti iliyotoka Uajemi enzi za Yuan, ukoo uliotawala kabla ya Ming, na mwanzo wa Ming ilikuwa na chuma kingi, ndo ikaacha madoa meusi yaliyozama ndani ya gilezi pale brashi ilipolemea. Mafundi wa karne ya 18 waliipenda sura hiyo wakaiiga kwa kudonoa donoa na brashi, ila madoa yao yamepangika mno. Geuza kitako, ule mduara usio na gilezi ambao chombo kinakalia: uchakavu wa kweli una mikwaruzo ya kila upande na uko pale tu panapogusa meza, uchakavu wa kupakwa chai na tope umeenea mpaka pasipoguswa na kitu.

Kwetu pwani kuna jambo la ziada. Sahani nyingi tunazoonyeshwa kama za Kichina ni za Ulaya, za Maastricht Uholanzi au Staffordshire Uingereza, zililetwa kwa wingi karne ya 19 na bibi zetu wakazipanga kwenye zidaka. Ishikilie mbele ya taa, weka mkono nyuma yake. Kauri ya Kichina iliyo nyembamba inapitisha mwanga unaona kivuli cha vidole, ile ya Ulaya kwa kawaida haipitishi na pale ilipomeguka udongo wake ni laini wa rangi ya maziwa. Hiyo isikuvunje moyo, ni historia ya nyumba yenu na ina haki ya kutunzwa.

Kinachoniuma zaidi ni makaburi. Wazee wa pwani walijengea bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi, Kunduchi mpaka Mambrui, na saa hizi nyingi zimebaki matundu tu kwa sababu watu walizichokoa. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alisema hajapata kuona maishani vigae vingi hivyo vya Kichina kama alivyoviona kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kigae kikiwa kwenye tabaka lake la udongo kinatuambia ukuta wa jirani ulijengwa lini, kikishachokolewa kikawekwa mfukoni kinabaki kipande cha sahani basi. Na sheria ipo: Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na Tanzania ina sheria yake ya mambo ya kale tangu 1964, kwa hiyo usichimbe wala usinunue kilichochimbwa.

Chako cha nyumbani usikiloweke kwenye jiki, usikiunganishe na supaglu, na usikitundike kwa waya wenye springi zinazobana ukingo. Ukitaka tukiangalie piga picha mchana bila flashi, juu, ubavuni, kitako na palipomeguka, na tuandikie kilifikaje kwenu na nani alikuwa nacho kabla.