Glasi ya mikono miwili

Kijana mmoja aliyekuja kwangu kwa ushauri alikuwa na namna yake ya kushika glasi: mikono miwili, kaibana kifuani. Nilipomuuliza, akasema anaogopa watu wasije wakamwona anavyotetemeka. Na kadiri alivyozidi kuikaza, ndivyo misuli ilivyozidi kuchoka na mikono kutetemeka.

Miaka yote ya kazi hii imenifunza kwamba haya, yaani kuona aibu mbele za watu, haiendelei eti kwa sababu mtu hana la kusema. Inadumishwa na hila tunazotumia kuificha. Kuna anayekaa karibu na mlango ili awahi kutoka. Kuna anayekimbilia simu kila kukiwa kimya. Kuna anayeipanga sentensi kichwani neno kwa neno, na akija kumaliza, mazungumzo yameshafika kwingine. Pombe nayo ni hila, tena ya hatari. Siku ikipita salama, hila ndiyo inayopewa sifa: "Nimenusurika kwa sababu nilinyamaza." Hofu yenyewe haijapimwa hata mara moja. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walilieleza hili mwaka 1995, wakaonyesha pia jinsi mwenye hofu anavyoyageuza macho yake ndani, akajitazama kama anavyodhani wengine wanamtazama.

Na wengine hawamtazami kiasi hicho. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kumtia haya mbele ya wenzake, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wanafunzi wengine. Wavaaji walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua picha ile. Walioitambua kweli walikuwa kama robo tu.

Lakini kumwambia mtu "hakuna anayekutazama" hakumsaidii sana. Moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa. Mwili hausikii hoja. Lazima aonje mwenyewe. Kwa hiyo nilimjazia yule kijana glasi ya maji, nikamwomba aishike kwa mkono mmoja huku akinieleza kazi yake, macho yakiwa kwangu, si mkononi. Kabla ya kuanza aliandika anachotarajia: "Utanihurumia." Mkono ulitetemeka kweli, maji yakacheza. Baada ya dakika chache alikuwa ananibishia, glasi kaisahau.

Kuanzia hapo tulipanda ngazi polepole: mtu mmoja asiyemjua, watu watatu, mwisho kikao cha kazini. Sikumtaka asubiri hofu iishe ndipo aongee. Nilimtaka aongee nayo ikiwepo, na masikio ayapeleke kwa anayezungumza naye: anasema nini, amekazia wapi, swali gani linafuata.

Haya ya kawaida ni hulka, si ugonjwa. Ila ikikufanya uache mitihani, kazi au matibabu kwa miezi, hiyo ni hofu ya kijamii, nayo inatibika. Tafuta mtaalamu, tafadhali, usijilazimishe peke yako.

Baada ya kikao kile, kijana alirudi na karatasi yake. Upande wa matarajio aliandika: "Sauti itakatika, wataangaliana." Upande wa kilichotokea: "Sauti ilikatika. Jirani yangu akasogeza kiti anisikie vizuri."