Kelele za sasipensheni ya nyuma: maana yake na jinsi chanzo kinavyotafutwa

Kelele inayotoka kwenye sasipensheni ya nyuma ya gari, yaani springi na vyuma vinavyobeba bodi juu ya magurudumu, mara nyingi, ina maana moja: vyuma viwili vilivyopaswa kushikana barabara, au kutenganishwa na mpira, vimepata nafasi ya kucheza. Fundi anaposema kwamba bushi, yaani mpira mgumu unaokaa kati ya vyuma viwili, inacheza au kwamba gari linagonga chini, anazungumzia nafasi hiyo, ambayo huenda isizidi milimita chache lakini ikatoa mshindo unaosikika hadi kwenye kiti cha dereva. Kutafuta chanzo cha kelele ni kutafuta mahali nafasi hiyo ilipo, na kazi hiyo hutegemea zaidi kujua kelele hutokea wakati gani kuliko kutegemea sikio. Chuma husafirisha sauti vizuri na bodi ya gari huikuza, hasa pale ambapo buti halikutengwa na sehemu ya abiria. Kwa sababu hiyo kilicholegea kushoto huweza kusikika kana kwamba kiko kulia.

Vya kushuku hutegemea muundo wa gari. Toyota Vitz inayovutwa na magurudumu ya mbele ina ekseli moja ya nyuma inayojipinda kidogo gurudumu moja linapopanda, na ekseli hiyo hushikwa kwenye bodi kwa bushi mbili tu kubwa. Katika Toyota RAV4 kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, yaani vyuma vinavyolishika kwenye bodi, na kila mkono una bushi zake, kwa hiyo mahali pa kukagua ni pengi zaidi. Toyota Hilux hubebwa nyuma na springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti, bolti zenye umbo la herufi U. Mwenye gari anapaswa kulijua jambo hili kabla ya kwenda dukani, kwa maana wapo wanaouziwa linki za stabilaiza za nyuma (vijiti vinavyounganisha magurudumu na stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulalia upande) ilhali gari lenye ekseli ya kujipinda kwa kawaida halina linki hizo kabisa.

Kabla ya kuingia chini ya gari, ondoa kwanza yale yasiyohusu sasipensheni. Toa kila kitu kilicho kwenye buti, yaani jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba, kisha pita tena barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Kagua nati za magurudumu yote kwa spana, kwa kuwa nati iliyolegea hugonga kwa kufuata mzunguko wa gurudumu na ni hatari kuliko bushi yoyote mbovu. Tikisa ekzosi kwa mkono ikiwa imepoa, uone kama mpira wake mmojawapo umekatika na bomba linagusa ekseli. Kama kelele hunyamaza unapogusa pedali ya breki kidogo, elekeza macho kwenye breki, ambako huenda pedi au pini zake zimelegea.

Baada ya hapo, barabara yenyewe hutoa ushahidi mwingi. Tuta linalopandwa na magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja halisumbui stabilaiza, kwa kuwa chuma chake huzunguka tu bila kupindwa; shimo linaloingiwa na gurudumu moja ndilo huzivuta linki zake. Kwa hiyo gari linalonyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye mashimo ya upande mmoja linaelekeza kidole kwenye linki, na gari linalogonga kwenye tuta hilo hilo linaelekeza kwenye shokapu (kifaa kinachotuliza mruko wa springi), mpira wake wa juu au springi. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, bila kujali gia, mara nyingi ni wa beringi (gololi ambazo gurudumu huzungukia) au wa tairi lililolika vibaya. Wa tairi hubadilika lami inapobadilika. Wa beringi hubadilika kwenye kona: ukikata kushoto uzito huhamia kulia, na mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Gurudumu likiwa limeinuliwa, lizungushe kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeshika koili springi yake (springi iliyosokotwa kwa mizunguko). Beringi mbovu husikika kwenye vidole kama mkwaruzo hata pale ambapo sikio halipati kitu.

Desturi ya kubadilisha shokapu kwanza kila gari linapogonga nyuma inawagharimu watu fedha nyingi bila sababu. Shokapu iliyochoka huonekana kwa njia nyingine: ukikandamiza kona ya gari na kuachia, bodi huendelea kupanda na kushuka badala ya kutulia, au mafuta huonekana yakitiririka kwenye mwili wake. Shokapu inayotuliza bodi vizuri bado huweza kugonga, lakini sababu inaweza kuwa bolti au mpira unaoishikilia, ambao bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na shokapu yenyewe.

Chini ya gari kuna mtego. Gari likiinuliwa na magurudumu yakaning'inia, bushi hubebeshwa upande usiokuwa wake, na mkono uliokuwa ukicheza barabarani huonekana umekaza. Ni bora gari likaguliwe likiwa juu ya rampu au shimo la gereji, limesimama kwa magurudumu yake, na kila bushi isukumwe kwa mtarimbo huku mtu akitazama kama chuma cha ndani kinahama kuliko mpira unavyoruhusu. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kwenye miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, kagua pia mzunguko wa mwisho wa koili springi, kwani kutu ya chumvi hujificha chini ya rangi na springi hukatikia hapo. Kona moja ya gari ikikaa chini kuliko nyingine, na ncha iliyokatika ikaelekea tairi, gari hilo lisiendeshwe.

Mlio mwembamba, kama wa mlango wenye bawaba kavu, hutafutwa kwa maji. Lowesha bushi moja, tikisa gari, sikiliza, kisha nenda kwenye inayofuata. Ile inayonyamaza ikilowa ndiyo yenyewe. Usitumie oili wala grisi ya kawaida, maana huvimbisha mpira na kuulainisha. Bushi mpya zikifungwa, bolti zake zikazwe mwisho baada ya gari kushushwa na kusimama kwenye uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hufungwa katika mkao usio wake na hubaki umepindika kila gari linaposimama chini, na bushi hiyo huchanika mapema, kelele ile ile ikarudi kwenye kifaa ambacho mwenye gari anaamini kuwa bado ni kipya.